Kidole Kilichomgomea Mwalimu

Mwalimu wangu wa gitaa alikuwa mama wa Kijapani aliyeolewa Minnesota, akafiwa na mume huko huko. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo, Mkongo wa Uvira, niliyezoea gitaa la kwaya. Siku ya kwanza, sebuleni kwake Golden Valley, alinipigia noti moja tu, nikaona aibu kusema na mimi ni mpigaji. Noti ile ilianza na joto, ikapoa taratibu, naye akaingoja iishe ndipo akavuta pumzi.

Alikuwa amepiga gitaa Tokyo, Madrid na kumbi nyingine nyingi za Ulaya. Kila asubuhi alisugua kucha za mkono wa kulia kwa msasa laini, maana sauti yake yote ilitoka hapo.

Kisha kidole cha pete cha mkono huo kikaanza kujikunja. Akishika kikombe, kizima. Akigusa nyuzi, kinajificha kiganjani. Daktari alisema mkono hauna ugonjwa; ubongo ndio umepoteza njia ya kukiongoza kidole. Akazidisha mazoezi, nacho kikazidi kujikunja. Siku moja nilimkuta amekibana kwenye ukingo wa meza, anakilaani kwa Kijapani.

"Mwalimu, pumzika kidogo," nikamwambia.

"Nikipumzika nitakuwa nani?"

Alikuwa na onyesho kanisani, mjini Saint Paul, akakataa kuliahirisha. Nilikaa safu ya mbele. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Wa pili ulitaka vidole vitatu vifuatane mbio juu ya uzi mmoja, na kimoja kikagoma. Akakatiza, akaanza upya. Akakatiza tena. Mwishowe akalaza kiganja juu ya gitaa. "Samahanini. Siwezi." Watu wakapiga makofi ya huruma, na makofi hayo ndiyo yaliyommaliza.

Nilimrudisha kwa gari langu, theluji ikianguka.

"Huyo Mungu mnayemwimbia," akaniuliza njiani, "kwa nini asichukue mkono wote?"

Nilikaza macho barabarani.

Aliendelea kunifundisha, ila gitaa hakuligusa tena. Nikiharibu mahali, aliniimbia noti sahihi, ule mkono ameukalia.

Jumamosi moja nilipiga wimbo mzima bila kosa. Akainuka, akaenda jikoni, nikamsikia analia. Sikujua niache au niendelee kupiga. Nikaurudia tangu mwanzo.