Kandambili za Mama

Juzi, siku niliyochaguliwa kuogelea katika timu ya chuo kikuu, nilikuwa ukingoni mwa pisini, bwawa la kuogelea, nikingoja filimbi. Nikamwona mama, pale kwenye benchi, anavua kandambili. Papo hapo nikasikia harufu ya mawese yanayochemka kwetu Rumonge, kando ya ziwa.

Siku ile nilikuwa bado mtoto; baba alikuwa amezama ziwani, na matanga yake yalikuwa yameisha jana yake tu. Mimi nikatoroka kwenda kuogelea na wavulana wa jirani. Mama akatokea ufukweni, akavua kandambili, akaingia majini na kitenge chake.

"We mutoto, rudi!"

Nilijua anakuja kunichapa. Nikapiga maji kwa nguvu zote, nikawapita wavulana wote, nikashika mtumbwi uliokuwa mbele, nikacheka! Kugeuka, maji yalikuwa yamemfika kidevuni, na bado anakuja.

Mama hajui kuogelea. Mpaka leo.