Siku Aliyojiita Selfu-senta

Tulimwita Ovaloki, jina la ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, kwa sababu hakuacha uzi ukining'inia. Si kwenye gauni la mteja, si kwenye maneno yako. Ukimwambia utakuja kesho, kesho anakuuliza mbona hukuja. Nimeshona naye baraza moja miaka nenda miaka rudi, cherehani yake na yangu zikitazamana, kwa hiyo msije mkanisimulia habari zake mlizozisikia msibani. Mimi ninamjua.

Mlango wa nyuma ya baraza ulikuwa wa chumba cha mama yake. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, hawezi kujigeuza hata kidogo. Ovaloki akishona kidogo, anaweka mkasi chini, anaingia ndani, anamlaza mama ubavu wa pili, anamwekea mto katikati ya magoti, anarudi. Wateja wakinung'unika anawajibu kutoka huko huko ndani, "Suruali yako haitaota vidonda, baba, ngoja kidogo!" Walicheka, wakangoja.

Mdogo wake wa kiume, yule wa ofisini, alikuwa anakuja kwa nadra, na akija hakai. Siku moja alikuja na mtu wa kupima kiwanja. Alitaka kubomoa nyumba ya mama ajenge vyumba vya kupangisha, na mama ahamie kwake. Ovaloki akamwambia mama haendi popote. "Nani atamwangalia kule kwako? Wewe na mkeo mnatoka asubuhi, mnarudi jioni. Mama si kabati, eti umsogeze ukutani ukapate nafasi."

Mdogo mtu akakunja uso. "Dada, tatizo lako wewe ni self-centered." Akaingia kwenye gari, akaondoka na mpima kiwanja wake.

Ovaloki akabaki analirudia lile neno huku mguu uko kwenye pedali. Kiingereza chetu sisi wawili kinaishia kwenye zipu na saizi. Lakini yeye hakuwa mtu wa kushindwa na kitu.

"Selfu si tunaijua?" akasema. "Chumba cha selfu. Choo ndani, bafu ndani, hupangi foleni na mtu."

"Ehe."

"Na senta ni kituo. Kwa hiyo mimi ni mtu mwenye kila kitu ndani, najitegemea, kituo changu mwenyewe. Kumbe kijana kanisifu!"

"Shoga," nikamwambia, "mtu hakusifu huku kakukunjia uso hivyo. Kamuulize anayejua."

"Wivu huo," akanijibu, na tukacheka. Wiki nzima alitamba nalo. Mteja akimuuliza kama ana fundi msaidizi, anajigonga kifua: "Mimi ni selfu-senta, mama!" Na wateja wetu nao Kiingereza chao kama chetu, wakatikisa vichwa kwa heshima.

Kikao cha ukoo kikaitwa sebuleni kwa baba yao mdogo, mwalimu mstaafu, kuamua mama akae wapi. Nilimsindikiza, nikakaa karibu na mlango. Mdogo mtu akaongea kwa upole, sauti ya asali. Akasema hana ugomvi na dada yake, anampenda, ila dada anamng'ang'ania mama ili abaki na nyumba. Wazee wakaguna. Baba mdogo akamgeukia Ovaloki. "Na wewe binti, unasemaje?"

Akasimama. Alikuwa amevaa gauni alilojishonea, mikunjo imenyooka. Masikini, alitaka kuwaonyesha kwamba anaweza, kwamba hahitaji msaada wa mtu kumtunza mama yake.

"Mimi ni selfu-senta," akasema kwa sauti. "Nimekuwa selfu-senta tangu siku mama alipoanguka, na nitaendelea kuwa selfu-senta mpaka mwisho."

Binamu mmoja akaficha kicheko kwenye kiganja. Baba mdogo akavua miwani. "Unajua unachosema, binti?"

"Najua vizuri kabisa, baba."

Mdogo mtu hakucheka. Yeye alijua dada yake amekwama wapi. Nilimwona usoni kwamba anajua. Angeweza kusema, dada, sivyo. Badala yake alifungua mikono akawaambia, "Mmesikia wenyewe." Mungu ananiona, nilitamani kumrushia kiatu.

Wakaamua mama ahamie kwa mwanawe.

Yule binamu tulimkuta nje akifunga kamba za viatu. Ovaloki akamuuliza amecheka nini, naye, kwa aibu, akamweleza. "Maana yake ubinafsi, dada. Mtu anayejiona yeye tu, wengine hata wafe."

"Ubinafsi? Mimi?"

"Ndiyo maana watu walishtuka. Hilo neno mtu hajiiti. Huitwa na wengine."

Akarudi ndani mbio. Nilimsikia akimweleza baba mdogo habari za chumba cha selfu, choo ndani, bafu ndani, na wazee wakicheka, mmoja mpaka akakohoa. Baba mdogo akamwambia uamuzi umeshapita, asijifanye hajui. Alitoka akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Mama akachukuliwa Jumamosi. Ovaloki akawa anapiga simu kila siku kuwaeleza namna ya kumlaza. Wanamjibu, tuko kikaoni, dada. Tutakupigia. Mama hajambo, acha kututawalia nyumba. Akienda, anaambiwa getini kwamba mama amepumzika. Kushona kulimshinda. Alikata kitambaa cha sare za watu kinyume, nikalazimika kukirekebisha mimi.

Siku moja alikataa kuondoka getini. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, na wifi yake, kwa kuona haya, akatufungulia. Mama alikuwa amelala chali kwenye kitanda kizuri, shuka nyeupe, chumba kinanukia marashi, na chini ya marashi harufu nyingine. Ovaloki akaomba beseni la maji ya uvuguvugu. Tukamshika mama huku na huku, tukamgeuza.

Sitaeleza nilichokiona kwenye kiuno cha yule mama. Mfupa ulionekana, basi. Mama hakulia. Alikuwa ameshapita kulia.

Ovaloki alichovya kitambaa, akakikamua, akaanza kusafisha pembeni pembeni. Mimi ndiye niliyekuwa nalia kwa sauti. Wifi yake alisimama mlangoni, ameziba pua kwa mtandio.

"Sasa wifi," akamwambia Ovaloki, "kama alikuwa anatakiwa kugeuzwa, si ungetuambia?"