Pesa za Matangazo Zilizogeuka Mbegu

Ni siku ya soko Kabuchai, kaunti ya Bungoma, jua limeshapanda, na Jentrix Nabwile hajauza hata pakiti moja ya mbegu.

Amesimama mbele ya kaunta ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, la Eliakim Khisa, mkoba begani, akitabasamu tabasamu ambalo limeanza kumchosha mashavu. Nyuma ya Eliakim, rafu imejaa mbegu za mahindi za kampuni kubwa. Mahali palipokuwa pa Upeo, kampuni anayoifanyia kazi Jentrix, leo pamepangwa makopo ya dawa ya kupe.

"Si ati nimekataa, madam," Eliakim anasema huku akimfungia mteja dawa ya minyoo. "Lakini wacha kwanza nione watu wa Bokoli wananunua nini. Wakinunua, na mimi nitaagiza."

"Na watu wa Bokoli wananiambia wanangoja kuona Kabuchai," Jentrix anamjibu.

Eliakim anacheka. Jentrix naye anacheka, ila kicheko chake hakifiki mbali. Mvua za kupanda zinakaribia. Zikishaanza, wakulima wa huku hununua mbegu kwa majuma machache tu, kisha maduka yanageukia mbolea na dawa. Majuma hayo ndiyo yatakayoamua kama idara yake itaendelea kuwapo.

Jentrix, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mkuu wa masoko wa Upeo, kampuni ndogo ya mbegu yenye ghala na ofisi mjini Kitale. Cheo ni kikubwa kuliko idara. Chini yake kuna watu wawili na pikipiki moja.

Alizaliwa Webuye, ambako baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Kiwanda kiliposimama, mshahara nao ukasimama. Anakumbuka mama yake akichemsha chai bila majani na kuwaambia watoto wanywe haraka ikiwa bado na moto.

"Hiyo ndiyo sababu neno 'kufunga' silisikii kama wengine," anasema. "Wengine wanasikia mambo ya ofisi. Mimi ninasikia nyumbani."

Baada ya diploma ya biashara, alianza kazi juu ya lori, amevaa fulana ya kampuni, akipiga kelele kwenye kipaza sauti na kucheza muziki sokoni. Ilimchukua miaka mingi kushuka kwenye lori hilo na kupewa meza.

Meza hiyo aliipata wakati mbaya. Mwenye kampuni, Mzee Kibe Ndung'u, alikuwa ameweka karibu fedha zote za masoko kwenye bango kubwa la barabarani na matangazo ya redio. Bango lilipendeza. Mauzo hayakusogea. Msimu uliofuata Kibe alikata bajeti kutoka shilingi milioni mbili na nusu hadi laki tisa, akamwambia Jentrix abaki na watu wawili tu.

Jentrix alimchagua Wangila, mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye amezunguka maduka ya Bungoma kwa pikipiki tangu nywele zikiwa nyeusi mpaka zikaota mvi. Kisha akamchagua Ivy Jerono, binti wa mjini Kitale aliyejua kupiga video na kuendesha ukurasa wa kampuni mtandaoni.

Hawakupatana. Wangila alisema Ivy anacheza na simu. Ivy alisema Wangila anakunywa chai ya kila duka na kuiita kazi.

"Niliona nimechukua pesa kidogo nilizopewa, nikanunua ugomvi," Jentrix anasema.

Akawabadilishia kazi kwa juma zima. Ivy akatumwa kuketi madukani, Wangila akapewa simu ya kampuni ajibu wateja. Ivy alirudi na kisa. Alikuwa amemwona mkulima akishika pakiti, akiirudisha, akiishika tena, kisha akimuuliza mwenye duka, "Wewe mwenyewe ulipanda gani?" Jibu la mwenye duka ndilo lililouza, wala si video yake.

Wangila naye, kwa kuwa kuandika kulimchosha, aliwajibu wateja wote kwa ujumbe wa sauti. Alimsalimu kila mmoja, akauliza habari za watoto na ng'ombe, kisha ndipo akafika kwenye mbegu. Watu wakaanza kumtafuta yeye kwa jina.

"Huyu mzee ni noma, bana," Ivy anasema. "Kuna mama alituma mesej ya kuuliza bei, wakaishia kuombeana."

Kwa mara ya kwanza Jentrix akalala vizuri. Waliacha bango, wakaacha fulana na kofia, wakapeleka sehemu kubwa ya fedha kwenye mashamba ya mfano kando ya njia, mkulima aone kwa macho. Akiba iliyobaki aliitenga kwa siku ya wakulima, ya kuwaalika watu kwenye mashamba hayo mahindi yakikomaa.

Kisha, Aprili ya mwaka jana, Wangila akapiga simu kutoka Bokoli.

"Madam, hapa mbegu haijatoka."

"Mvua imechelewa?"

"Mvua imenyesha. Ya jirani imetoka. Yetu ndiyo imelala chini."

Shamba lilikuwa la Sellah Nasambu, mwalimu mstaafu wa chekechea na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Jentrix alipofika, Sellah alikuwa amechimba mstari mzima kwa jembe. Akafungua kiganja. Punje zilikuwa laini, zimeoza, zinanuka.

"Nilianza kulaumu kuku," Sellah anakumbuka. "Nikalaumu fuko. Nikajilaumu mimi mwenyewe, labda nilifukia ndani sana. Halafu nikaona kwa jirani kumependeza, nikajua ni mbegu."

Siku mbili baadaye malalamiko yakaja kutoka Kabuchai. Wangila alifuata namba za pakiti mpaka zikamfikisha kwenye stoo moja ya kukodi iliyotumiwa na kampuni mjini Bungoma. Bati lilikuwa limevuja. Magunia ya chini yalikuwa yameloa, yakakauka, yakauzwa. Shehena nyingine zilikuwa salama, lakini mkulima hangejua hilo.

Mtandaoni moto ulikuwa umeshawaka. Ofisini, agizo la Kibe lilikuwa kwamba maneno mabaya yafutwe. Ivy alimwendea Jentrix na simu mkononi.

"Madam, nikifuta wataandika kwingine. Na hawa si wabaya. Wanauliza tu watapanda nini."

"Usifute," Jentrix alimwambia. "Jibu ukisema tumeona na tunakuja." Alipomaliza kusema hivyo, anakiri, alienda chooni akasimama humo mpaka moyo ukatulia, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kwenda popote.

Alimkuta Kibe ofisini kwake. Akamwomba akiba yote ya siku ya wakulima igeuzwe mbegu nzuri za kuwafidia waliopoteza, nauli ya kuzipeleka, na tangazo la redio la kuwaonya wengine wasipande zile zilizoloa.

Kibe alivua miwani. "Unataka nilipe redio itangaze ati mbegu yangu imeoza?"

"Nataka ulipe redio itangaze kwamba umeona mapema, mzee, wakati mkulima bado ana nafasi ya kupanda tena."

"Na hizo pesa zikiisha, msimu ujao utauza na nini?"

"Sijui, mzee."

Lilikuwa jibu baya kwa mtu anayetetea bajeti, naye alilijua. Kibe akachukua ufunguo wa gari. "Twende nikaone."

Huko Bokoli, mzee huyo, ambaye wazazi wake walihamia Trans Nzoia, upande wa Kitale, wakitoka Nyeri na kuanza na kipande kidogo cha ardhi, aliingia shambani kwa Sellah na viatu vyake vya ofisini. Alitembea kati ya mistari mitupu mpaka mwisho, akarudi. Sellah hakumpigia kelele. Alimkaribisha chai, na Kibe akainywa akiwa amesimama.

Njiani kurudi Kitale, karibu na Webuye, ndipo alipotoa uamuzi. "Wape," alisema. "Lakini sikiza, Jentrix. Msimu ujao mauzo ya Bungoma yasiporudi, hiyo idara nafunga. Sitakuwa na kitu cha kuwalipa."

Wakaanza siku hiyo hiyo. Ivy alirekodi onyo, likaenda redioni na kwenye simu za watu. Wangila alipita duka kwa duka akikusanya pakiti zenye namba ile. Jentrix alipakia magunia kwenye pikapu ya kukodi, akagawa mbegu mpya nyumba kwa nyumba.

Haikuwa kazi ya kupigiwa makofi. Mzee mmoja wa Kabuchai alikataa kuipokea, akamwambia Wangila aondoke kabla hajaachilia mbwa. Wengine walikuwa wameshanunua mbegu ya kampuni nyingine kwa pesa za kukopa. Maduka kadhaa, likiwamo la Eliakim, yaliondoa Upeo rafuni kabisa. Kwa walioipanda tena, mahindi yalitoka vizuri lakini yalichelewa, na mavuno yakawa ya wastani.

"Sisi hatukumwokoa mtu," Wangila anasema. "Tulipunguza tu. Watu walikuwa na haki ya kukasirika."

Stoo ile iliachwa. Sasa kila shehena, kabla ya kutoka Kitale, hujaribiwa kwa kuoteshwa kwenye mchanga, na Wangila na Ivy wana kauli ya kuizuia isitoke. Hilo Jentrix alilipigania kuliko nyongeza ya mshahara wake, ambao umebaki shilingi elfu arobaini na tano.

Bajeti ya msimu huu ni ile ile ndogo. Hakuna bango. Jentrix amelipia matangazo machache ya redio kwa majuma ya kupanda peke yake, saa ambazo wakulima wako nyumbani, na yaliyobaki ameyaweka kwenye mafuta ya pikipiki na mashamba ya mfano. Maagizo yanakuja kwa kudonadona. Duka moja Webuye limechukua magunia machache. Mjini Bungoma wenye maduka wawili wameahidi. Hesabu bado iko mbali na kile Kibe anachohitaji.

"Usiku nikiamka, nawaza hawa wawili," anasema. "Mimi ndiye niliyewaambia wakae. Wangila ana mtoto chuoni. Ivy alipata kazi Eldoret akaikataa. Nikikosea, nimekosea na maisha ya watu."

Ivy hataki kusikia hayo. "Sasa madam anafikiri tumekaa kwa kumhurumia? Mimi nimekaa kwa sababu hapa hakuna mtu ameniambia nidanganye."

Kutoka Kabuchai, Jentrix anaelekea Bokoli, ambako Wangila na Ivy wanamngoja. Ana ombi ambalo amelibeba rohoni tangu Januari, akiliogopa. Anataka shamba la mfano la msimu huu liwe la Sellah, pale pale mbele ya njia ya kanisani, Upeo mstari kwa mstari na mbegu ya kampuni kubwa, bila kuficha chochote.

Sellah anamsikiliza akiwa ameegemea jembe. Anauliza nani atalipia mbolea. Anauliza kama mbegu imejaribiwa, na nani aliyeijaribu. Wangila anainua mkono kama mwanafunzi. Akina mama wawili wanaopita wanasimama kusikiliza, nao hawaondoki.

"Nitapanda," Sellah anasema mwishowe. "Lakini isipotoka, mwalimu mzima nitasimama kanisani Jumapili na niseme jina lenu."

"Na ikitoka?" Ivy anauliza.

"Ikitoka, si wataona wenyewe?"

Jentrix anavua viatu, anaviweka kando ya ua, na kumwomba Sellah amwonyeshe wapi pa kuanzia kupima mistari.