Kishindo Ajifunza Miguu ya Nyuma

Mbwa yule aliitwa Kishindo, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alilipata wiki ileile aliyoingia nyumbani kwa kinyozi, baada ya kuangusha ndoo, meza ya chai, na mgeni mmoja aliyepita kusalimia tu. Kwa umri alikuwa bado mtoto, ila miguu ilitangulia kukua na akili ikawa inakuja nyuma taratibu. Akikata kona ya ukumbi, kichwa kinapita salama, halafu kiwiliwili kinafuata kama tela lililokatika, na chochote kilichosimama kinalala chini.

Kinyozi alimchukua kwa kauli yake mwenyewe. Mteja wake wa zamani alikuwa anahama na hakuwa na pa kumwacha mbwa. Kinyozi, mkono mmoja umeshika kidevu cha mteja na wa pili umeshika wembe, akasema, "Niachie mimi, nitamlea." Ni maneno mepesi kutamka mtu akiwa kazini na moyo mweupe. Mkewe alipoyasikia jioni akasema, "Ungeniuliza kwanza, mume wangu," na alikuwa na haki yake.

Yote hayo yangebaki vichekesho vya nyumbani kama dada yake kinyozi asingevunjika nyonga.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki alikuwa msichana wa shule. Akaiacha shule, akawa anapiga pasi nguo za watu kutwa nzima ili mdogo wake ale, avae, na mwishowe apate ufundi. Hakuwahi kumkumbusha. Kuna watu wakikupa kikombe cha maji watakuimbia habari zake mpaka unazeeka. Dada huyu alitoa ujana wake wote na hakufungua kinywa. Kinyozi alilijua hilo, na kila alipofungua mlango wa saluni asubuhi alijua ni nani hasa aliyeufungua. Kwa hiyo aliposikia kwamba mpwa wake, binti aliyekuwa akiishi na dada, anahamishiwa mbali kikazi, hakungoja kuambiwa. Alikwenda, akaketi ukingoni mwa kitanda cha dada, akasema, "Dada, chumba cha mbele ni chako. Njoo tukae wote."

"Na lile jitu lako?"

"Mbwa nitamtafutia mtu."

Dada akamkazia macho kama enzi zile alipokuwa akimkagua masikio kabla ya shule. "Umtafutie mtu? Ulisema utamlea, au nilisikia vibaya?"

"Nilisema."

"Basi mlee. Usije ukamtupa mnyama halafu useme ni kwa ajili ya dada yako. Mimi dhambi hiyo sibebi." Akarekebisha shuka. "Lakini na mimi, mdogo wangu, siwezi kuishi na kitu kinachobamiza watu. Daktari kaniambia wazi, nikianguka tena ndiyo basi. Kuna nyumba ya wazee karibu na kanisa, nimeulizia, wanatunza vizuri tu."

"Nyumba ya wazee, na mimi nipo?"

"Basi mfunze mbwa wako. Muda unao, mpaka binti ahame."

Kinyozi alirudi nyumbani roho mkononi. Wapo watakaosema mbwa si kitu cha kuwekwa kwenye mizani moja na dada. Hawakosei. Lakini dada hakumpa mizani, alimpa kazi. Alimkatalia njia ya mkato, yaani kuvunja ahadi moja ili atimize nyingine, na mtu anayekulea kwa namna hiyo hata ukiwa na mvi ni wa kushukuriwa.

Nyuma ya kliniki ya mifugo palikuwa na uwanja wenye uzio wa waya. Hapo mama mmoja, aliyezoeleka kwa jina la Mama Fito, aliwafunza mbwa mchezo wa vizuizi: kuruka viunzi, kupenya handaki la turubai, kupita juu ya ubao mwembamba. Kinyozi alifika akitarajia kuona mbwa wakipaa. Alichokiona ni fito zimelazwa chini kwenye majani, na kimbwa kimoja kikizivuka kwa mwendo wa bibi harusi.

"Mwalimu, huyu wangu ana nguvu," akasema. "Ukimwambia aruke uzio huu, anaruka."

"Simwambii. Mifupa yake bado mibichi. Akiruka leo, kesho unamuuguza. Mpitishe hapa."

Kishindo akapita. Miguu ya mbele ilivuka vizuri kabisa, ya nyuma ikazoa fito zote mpaka zikalala upande kama njiti zilizomwagika.

Mama Fito akacheka hadi akashika kiuno. "Umeona? Mbwa wako hajui kama ana miguu ya nyuma. Anadhani kuna mbwa mwingine anamfuata."

Hapo ndipo kinyozi alipoelewa kwamba msingi wa mchezo ule hauna uhusiano na kuruka. Mbwa hufundishwa kwanza kuujua mwili wake: kuvuka fito bila kuzigusa, kupanda kijukwaa kifupi kwa miguu yote na kutulia, kusimama kwenye ubao unaoyumba kidogo bila kuogopa, kurudi kinyumenyume, na zaidi ya yote kusubiri mpaka aambiwe. Mambo madogo, ya kuchosha, yasiyopigiwa makofi na mtu. Asiyekuwa na subira nayo hana haki ya kutamani makubwa.

"Na chagua sauti moja," Mama Fito akamwambia. "Sauti fupi. Akipatia tu, unaitoa palepale, kisha unampa nyama. Sauti ile ni ahadi. Ukiitoa, lipa. Hata kama umeitoa kwa bahati mbaya, lipa."

Kinyozi akaitikia kwa kichwa, na kwa hilo moja akajiona mjanja. Mama Fito mwenyewe alitumia kidude cha plastiki kinacholia tak! kikibonyezwa. Kinyozi akawaza, ya nini kutafuta kidude wakati yeye ana mkasi? Mkasi wake unalia vizuri, haupotei, na mkono wake unaujua kuliko unavyojua kijiko.

Basi kila asubuhi kabla ya wateja, uani nyuma ya saluni, palepale nyumbani kwake, akalaza mipini ya mafagio na kumpitisha Kishindo. Mguu ukivuka bila kugusa, mkasi unalia, kipande cha ini kinafuata. Ini lilichemshwa na kukatwakatwa na mkewe, yuleyule ambaye hakuulizwa. Kila jioni alisimama jikoni na kisu, akinung'unika, "Mimi huyu, napikia mbwa," na kila asubuhi kopo lilikuwa limejaa. Kishindo akashika kwa haraka ya ajabu. Kabla wiki haijaisha alikuwa anauinua mguu wa nyuma juu kabisa, kama mtu anayekanyaga maji machafu.

Kisha mambo yakaharibika, na kinyozi hakujua kwa nini.

Mchana Kishindo alilala ndani ya saluni, karibu na mlango. Siku za mwanzo, kila mkasi ulipolia kichwani mwa mteja, aliruka wima na kuja mbio, macho kodo, mate yakimdondoka. Wateja wakaangua vicheko. Seremala wa jirani, mtu asiyeweza kukaa bila utani, alisema, "Kinyozi, huyu anangoja sikio langu lidondoke. Nyoa polepole, tafadhali."

"Lala, Kishindo!" kinyozi alikuwa akisema, na kuendelea na kazi. Baadaye mbwa akaacha kuja. Akawa anainua kichwa tu. Mwishowe hakuinua hata sikio. Kinyozi akafurahi, akadhani sasa ametulia. Lakini asubuhi uani, mkasi ukilia, Kishindo alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya kigeni. Akakanyaga mipini. Akaketi juu yake. Akaenda kunusa ndoo. Siku moja kinyozi, akiona tarehe ya binti kuhama inamkaribia, alimfokea kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na mbwa akafyata mkia, akaingia chini ya benchi la wateja na kukataa kutoka.

Mama Fito alipita siku hiyohiyo kumrudishia kamba aliyoisahau uwanjani. Alimkuta anamnyoa seremala, mkasi unachezacheza hewani kama ilivyo desturi ya vinyozi, wanaokata nywele mara moja na hewa mara nyingi.

"Mbwa yuko wapi?"

"Chini ya benchi, Mwalimu. Sijui kapatwa na nini. Alikuwa ameshika, sasa kasahau yote."

"Unamfunza kwa sauti gani?"

Kinyozi akainua mkasi kwa fahari na kuufanya ulie. Mama Fito akaangalia mkasi, akaangalia benchi, akajishika kichwa.

"We kinyozi! Mkasi? Huo huo wa kazini?"

"Kwani una ubaya gani?"

"Kutwa nzima unamwambia umepatia, njoo uchukue, halafu humpi kitu. Akija unamfukuza. Kisha asubuhi unataka akuamini? Mimi mwenyewe ningehama."

"Ndiyo maana na mimi akininyoa hivi sijui kama amemaliza," seremala akadakia, nusu ya kichwa ikiwa bado msitu.

Kila mtu akacheka, na kinyozi naye akacheka, lakini uso ulimwaka kwa aibu. Mbwa hakuwa amesahau kitu. Alikuwa amejifunza, tena vizuri mno, kwamba mtu huyu anaahidi bila kulipa. Kinyozi akaanza kujiuliza ni wapi pengine mkasi wake unalia bure. Hakuhitaji kufikiri sana. Mara ngapi alikuwa amemwambia mkewe "asante" bila kuinua macho kwenye sahani?

Jioni ile aliingia jikoni, akachukua kisu mkononi mwa mkewe, akakata ini mwenyewe. "Sikukuuliza," akamwambia, "na bado unanisaidia. Nakushukuru kwa dhati." Mkewe akamtazama kwa mashaka. "Umefanya nini? Sema tu." Alipoona hakuna jambo lililofichwa, akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo saa ile ya jioni hakuwa akilipata. Tangu siku hiyo ini lilikuwa kazi ya kinyozi, na kuosha sufuria pia. Shukrani isiyomtoa mtu jasho ni kelele tu, na kelele dunia inazo za kutosha.

Sauti mpya ilipendekezwa na mkewe: "Ndipo!" Neno fupi, ambalo kinyozi hakuwahi kulitumia kwa mteja yeyote. Mama Fito akalikubali na kumwonya aanze upya kabisa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyowahi kuwaudhi wenyewe. Akaanza. Kishindo akitupa jicho tu upande wa mipini, "Ndipo!" na nyama. Akiweka mguu mmoja kijukwaani, "Ndipo!" na nyama. Mwanzoni mbwa alichukua kwa tahadhari, shingo ndefu, miguu tayari kukimbia. Lakini mnyama hana kinyongo cha kutunza. Alimsamehe kinyozi mapema kuliko kinyozi alivyostahili, na kinyozi alilijua hilo na kulishukuru kila asubuhi. Taratibu wakafika hata kwenye kusubiri na kurudi kinyumenyume.

Siku ya dada ikafika. Mpwa alimleta kwa gari, mizigo ikabaki ndani ya gari. Kule nyumba ya wazee walikuwa wameshaambiwa waandae kitanda, na iwapo mambo yangeenda vibaya wangeendelea na safari moja kwa moja. Kinyozi alikuwa amepanga kila kitu: dada atakaa uani kwenye kiti, Kishindo ataonyeshwa akiwa kwenye kamba.

Mambo hayakwenda alivyopanga. Dada hakungoja kiti. Aliingia ukumbini na fremu yake ya kutembelea, hatua kwa hatua, kinyozi nyuma yake. Ukumbi ni mwembamba, fremu imeujaza ukuta kwa ukuta. Mkewe, aliyekuwa jikoni na hakuwa amesikia gari, akafungua mlango wa uani. Kishindo akasikia sauti ngeni, akaja mbio.

Kinyozi hakuwa na pa kupita. Alitamani kupiga ukelele, akaumeza. "Subiri," akasema, kwa sauti ileile ya asubuhi.

Kishindo akasimama. Mwili mzima ulimtetemeka kwa hamu, lakini nyayo hazikubanduka. Dada naye alisimama, vidole vimekaza fremu.

"Rudi nyuma."

Mguu wa nyuma ukapapasa sakafu, ukatua. Wa pili ukafuata. Polepole, bila kugusa ukuta wala kiatu kilichokuwa pembeni, mbwa yule mkubwa akarudi kinyumenyume ukumbi mzima, akafika kwenye mkeka wa mlango wa jikoni na kutulia.

"Ndipo!" akasema kinyozi. Mkewe, aliyekuwa amesimama hapo na mikono iliyolowa maji, akachukua nyama kwenye kopo na kulipa bila kuambiwa.

 Dada akaendelea na fremu yake mpaka uani. Huko akaona mipini ya mafagio imelazwa chini kwa mstari.

"Hii ni ya nini?"

"Anavuka, Dada, ajifunze kuinua miguu."

"Kumbe!" Dada akaisogelea. "Na mimi hospitali waliniambia hivihivi. Niinue miguu, nisiburuze. Pale kwa binti hapakuwa na nafasi." Akamnyooshea mkono mdogo wake. "Shika hapa. Usinivute, nishike tu."

Akavuka mpini wa kwanza. Kinyozi alimshika kiwiko, akihisi mfupa mwepesi chini ya ngozi. Mpini wa pili, dada akaugusa kidogo kwa kisigino, akasonya, akarudi kuuvuka upya. Kishindo aliwatazama kutoka kwenye mkeka wake, kichwa upande.

Alipomaliza, dada alikuwa anahema na uso unang'aa kwa jasho. Akaketi kwenye kile kiti, akamwangalia mbwa.

"Kitandani kwangu asipande," akasema.

"Hapandi, Dada."

"Haya. Mwambie binti alete mizigo."

Kinyozi akageuka kwenda, akafika mlangoni, akarudi. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono iliyopiga pasi nguo za watu, akasema alichokuwa amekisema nusunusu maisha yake yote: "Asante kwa kunilea."

"Inuka," dada akamwambia, akimfuta kitu shavuni kwa kidole gumba. "Mizigo ni mizito, binti hawezi peke yake."