Harufu Iliyomfuata Mtoto

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Kivuko cha Ndundu kilikuwa bado kinavusha watu mto Rufiji, daraja halijajengwa, na mimi mzazi wa siku kumi na moja hapa hapa Kibiti. Mtoto wangu wa kwanza alianza kunuka sukari iliyoungua, na nyumbani hatukuwa na sukari hata ya kulamba. Nilimwogesha, nikafua nepi, nikazianika juani. Zilipokauka, harufu ipo. Nikageuza mto, ipo. Usiombe kunusa utamu usiojua unakotoka.

Wifi yangu alimnusa utosini, akarudi nyuma. "Wifi, hili pepo la mtoni. Usimpe ziwa, utalinenepesha."

Nami, mjinga wa mwisho, nikamsikiliza. Kutwa nzima nikampa maji kwa kijiko. Alilia mpaka sauti ikakatika, kisha akawa ananitazama tu. Macho yale sijayasahau.

Alasiri akaja Bi Somoe, mkunga aliyenizalisha. Hakumgusa mtoto. Alinishika mimi, akaninusa shingoni, akaninusa kwapani.

"Harufu inaanzia kwako. Umekunywa nini?"

Nikatoa kopo uvunguni. Uwatu. Maziwa yalikuwa haba, nikaona haya kusema, nikawa nachemsha mbegu zile za kuongeza maziwa kwa siri, kikombe juu ya kikombe.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Wewe umezaa, sasa unataka kuzika! Mpe mwanao ziwa."

Akanyonya. Nikalia mimi badala yake.

Baadaye muuguzi mmoja akanifahamisha: mbegu ya uwatu ina kemikali ya harufu isiyoishia tumboni. Huingia damuni, ikatokea kwenye jasho, mkojo, hata maziwa. Akaongeza jambo lililonitia baridi kuliko pepo: upo ugonjwa wa watoto wachanga wenye harufu hiyohiyo, nao huua. Mama akificha alichokunywa, daktari atajuaje kipi ni kipi?

Basi sikiliza. Viungo vya jikoni ni dawa, na dawa haifichwi. Kunywa kwa kiasi, na kliniki useme umekunywa nini. Mtoto akinuka vile nawe hukunywa kitu, usimtafutie pepo; mkimbize hospitali.

Mtoto yule ndiye baba yako. Nakwambia leo kwa kuwa asubuhi nimempakata mwanao, kitukuu changu, na harufu ile imerudi. Kama nawe unakunywa uwatu kwa siri, kanitolee hilo kopo, mwanangu, tulitazame pamoja. Na kama kopo halipo, vaa viatu twende hospitali sasa hivi. Mungu akujaalie maziwa tele, amkuze mwanao, aje akuzike wewe.