Siagi ya Mkuu

Ofisi nzima ya forodha ilimwita Bi Samli, naye aliitika, lakini msidhani jina hilo alilipenda. Alibandikwa mwaka ule alipoondolewa kwenye chumba cha ukaguzi kwa ajili ya makopo ya samli, likamganda kama mafuta ya jana kwenye sufuria.

Kisa chenyewe ni kifupi na kinaudhi. Samli ilitozwa ushuru mkubwa, mafuta ya mimea yakatozwa kidogo. Bosi wake wa wakati huo, ambaye kila mtu alimwita Mkuu, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akamwambia, "Yale makopo andika mafuta ya mimea. Nimeshayaona mwenyewe." Akaandika, maana bosi ni bosi. Makopo yalipofunguliwa sokoni, samli ikanukia mtaa mzima. Kamati ikaketi. Mkuu alipoulizwa kama alitoa agizo lolote, alitazama kucha zake, akasema, "Sina la kuongeza."

Basi. Bi Samli akahamishiwa kituo cha mpakani, kibanda chenye meza moja na vumbi la malori, na huko ndiko alikopigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Akaomba ruhusa, akanyimwa. Alimzika mama yake kwa simu, shangazi akimsimulia nani amebeba jeneza na nani ameanguka kwa kilio. Tangu siku hiyo hakumtukana Mkuu wala hakumlaani. Alimweka rohoni tu, akamtunza vizuri.

Miaka ikapita, akarudishwa kwenye chumba kilekile cha ukaguzi, chenye sinki, birika la umeme na friji ndogo ya sampuli. Sasa meza ya bidhaa za maziwa ilikuwa yake, na neno lake halikupitiwa na mtu. Mkuu naye alikuwa amestaafu, akageuka mwagizaji wa bidhaa kutoka nje. Asubuhi moja akaingia na shati lililonyooshwa likanyooka, tabasamu limefika masikioni. Kontena lake la baridi lilikuwa uani, na ndani yake alikuwa ametia mafao yake yote ya kustaafu.

"Dada, mpe mwingine mzigo huu," mwenzake wa meza ya pili alimnong'oneza Bi Samli. "Usijichafue."

"Nani anajichafua? Mimi nakagua tu."

Mkuu akavuta kiti, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Wewe dada yangu ni mtu wa haki, mimi nilijua tangu zamani. Wakala wangu alitaka kuandika kwamba hii si siagi, ni ile laini ya kupaka mkate, eti ushuru wake nafuu. Nikamkatalia. Nikamwambia, kwa dada hatubahatishi. Andika siagi, tulipe cha juu, tusisumbuane."

Kumbe Mkuu alikuwa anamwogopa. Bi Samli alisikia utamu ukimshuka kifuani, na hakuona haya.

Akakata kipande, akakitia kwenye bilauri nyembamba, akaisimamisha ndani ya maji ya moto. Siagi kamili ikiyeyuka, mafuta hujaa juu na maji hubaki kidogo tu chini. Hii ya Mkuu ilipoyeyuka, maji yalipanda yakakaribia nusu ya bilauri. Wakala alikuwa sahihi. Kwa sheria ya forodha, yenye maji mengi hivyo haikuwa siagi hata kidogo, na Mkuu alikuwa anajitwisha ushuru usiomhusu. Akiulipa, bei yake itakuwa ya juu kuliko ya wenzake wote, na mali itamchachia mikononi.

Kila mkaguzi mpya, Bi Samli humfundisha jambo hili kwanza: mtu akijikosea kwa hasara yake, mwambie, forodha haichukui kisicho chake. Neno moja lingetosha. Aliitazama bilauri, akamkumbuka shangazi kwenye simu. Kisha akaimwaga yote kwenye sinki na kufungulia bomba.

"Vipi, dada? Kuna kasoro?" Mkuu aliuliza, jasho likimtoka puani.

Bi Samli alitazama kucha zake. "Sina la kuongeza."

Akainua macho haraka, amwone anavyobadilika rangi. Alikuwa ameingoja sura hiyo miaka yote. Lakini Mkuu alishusha pumzi, akacheka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante sana, dada yangu. Mungu akuzidishie."

Hakukumbuka. Maneno yaliyomfanya mtu amzike mama yake kwa simu, mwenyewe aliyasahau hata kabla ya kutoka kwenye kile chumba cha kamati. Hilo lilimuuma Bi Samli kuliko kibanda cha mpakani. Kama palikuwa na chembe ya huruma, ilikufa hapo hapo.

Akachukua muhuri, akagonga.

"Mzigo mwingine unaingia lini?" aliuliza kwa upole.

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Ulete kwangu," alisema Bi Samli. "Na uandike vilevile."