Kaniki Juu ya Athumani

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kubebeshwa mtoto mwenzangu mgongoni, nyumba yetu ilitazamana na ukuta wa hospitali, pale Tanga, na angani kwetu palikuwa na kelele ambayo hakuna aliyeiomba. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Serikali ilileta helikopta, ikasemekana ni ya kuwachukua wagonjwa mahututi kutoka mashamba ya mkonge na kule milimani. Wagonjwa tuliowaona wakiteremshwa walikuwa mameneja wa mashamba na wake zao. Manamba, kibarua wa mkataba, aliyekatwa mkono na mashine ya mkonge aliendelea kuja kwa lori, amelazwa juu ya marobota. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani mtaa wetu ulikasirika kwa ujinga tu.

Ilitua ndani ya ukuta, kwenye uwanja wa nyasi, lakini kabla ya kutua ilizunguka juu ya mapaa yetu, chini chini, hata miwani ya rubani tuliiona. Kuku walitawanyika. Mchanga uliingia kwenye sufuria. Makuti yaliinuka upande mmoja kama nywele za mtu aliyeamshwa usingizini. Siku za Ijumaa khatibu alinyamaza katikati ya hotuba, akangoja, akaanza tena, akanyamazishwa tena. Wanawake wakaenda kwa jumbe kulalamika. Jumbe, ambaye nyumba yake ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji, akawaambia, "Mtazoea."

Bibi yangu Mwanakombo, mama yake baba, ndiye aliyemjibu. "Tumeshazoea mengi, jumbe. Hili hapana."

Kelele ilikuwa nusu tu ya kesi yetu. Nusu ya pili ilikuwa kivuli.

Kwetu pwani, mtoto mchanga akipandwa na homa, akakakamaa, macho yakageuka na povu likamtoka, watu hawakusema ana homa. Walisema ana degedege, yaani amepitiwa. Kuna ndege mkubwa anayeruka juu ya nyumba za watu, na mtoto akiangukiwa na kivuli chake, ndege yule huanza kuivuta roho yake. Dawa ilikuwa kumfunika mtoto kwa kaniki, ile nguo nyeusi, na kumfukiza moshi wa mavi ya tembo. Jina la mtoto halikutajwa ndege akiwa juu, maana akishalijua atalifuata. Na sindano ilikuwa mwiko. Mtoto wa degedege akichomwa sindano, walisema, hafiki jioni. Kila mama mtaani alikuwa na mfano wa mtoto aliyepelekwa hospitali akachomwa sindano akafa. Hakuna aliyeuliza yule mtoto alikuwa amefukizwa kwa muda gani kabla ya kupelekwa.

Leteni sasa juu ya mtaa wenye imani hiyo kitu kinachonguruma, ambacho kivuli chake kinapanda ukuta wako na kushuka upande wa pili. Hatukuwa wapumbavu. Tulijua mna Mzungu ndani, na tulijua kinaendeshwa kwa mafuta. Alichosema Bibi ni kwamba yule ndege wa siku zote sasa amepata pa kujificha. "Anaruka nyuma ya makelele yale," alisema. "Zamani tulimsikia. Sasa nani atamsikia?"

Kwa hiyo kila helikopta ilipokuja, watoto walifunikwa kaniki, na wanawake walitoka uani na masinia na pawa wakapiga kwa nguvu zao zote, kama tunavyopiga mwezi unapopatwa. Mimi nilikuwa na mdogo wangu Athumani mgongoni, amefunikwa gubigubi, na kwa muda ule jina lake lilikuwa Kinu.

"Kinu kimelala?" Bibi aliuliza huku akipiga sinia.

"Kinatokwa jasho, Bibi."

"Kitoke tu. Kinu hakifi kwa jasho."

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Bwana Yohana, Mlutheri kutoka Usambaani, dresa, yaani mfunga vidonda na mchoma sindano, wa hospitali ile ile. Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama kama bati. Jioni alisimama barazani kwake akatuhubiria. "Mama zangu, hii ni mashine tu. Inakunywa petroli. Huu ushirikina utawamaliza!" Alitamka "helikopta" kama mtu aliyeinunua. Lakini mlio ukisikika kwa mbali aliingia ndani upesi, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa udongo, tulimsikia: "Mama Danieli! Mfunike mtoto, wewe! Haraka!" Danieli alifunikwa blanketi jekundu la hospitali. Elimu yote ya Bwana Yohana ilikuwa kwenye rangi ya ile nguo.

Mama yangu alikuwa Mpemba, mgeni wa mji, kimya. Baba alifanya kazi shambani Maramba, akirudi mara moja moja, na Mama aliishi katika nyumba ya mama mkwe wake. Hakubishana. Lakini siku moja Athumani aliamka na homa, mwili ukiwaka kama jiko, na alasiri mlio uliposikika Mama alimtoa mgongoni kwangu, akaivua ile kaniki na kuitupa kwenye kamba ya nguo.

"Unafanya nini, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Namwachia apumue, mama. Anaungua."

Kivuli kikapita. Nilikiona kwa macho yangu kikimvuka Athumani kutoka kichwani hadi miguuni. Na kabla helikopta haijamaliza kuzunguka, Athumani alikakamaa mikononi mwa Mama, shingo ikarudi nyuma, macho yakageuka yakawa meupe yote.

Nimesoma vitabu vya kutosha tangu siku ile, na najua kwamba homa ilianza asubuhi. Lakini sitajifanya kwamba nilijua siku ile. Nilijua Bibi amesema na imekuwa.

Masinia yakanyamaza. Uani palijaa wanawake, na wote walimtazama Mama. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Wenzetu wa visiwani wana mambo yao." Bibi alimfunika Athumani kaniki, akawasha moshi, akaanza kumpangusa povu. Athumani alilegea, kisha akakakamaa tena. Helikopta ilikwishatua ikapaa tena. Siku ile ilikuwa ikileta na kurudi kuleta.

Mama akainuka. "Nampeleka hospitali."

"Utampitisha wapi, na yule yuko juu?" wakamwuliza. "Na sindano je?"

Mama akamgeukia Bwana Yohana, aliyekuwa ameegemea mlango wetu na kaptula yake. "Bwana Yohana, wewe ndiye mwenye kazi ya sindano. Waambie."

Nadhani ule ndio wakati nilipouchukia unafiki, hata kabla sijajua neno lake. Bwana Yohana alitazama chini, akakohoa, akasema taratibu, "Degedege si la sindano, mama. Kule kazini tunasema vingine, lakini... si la sindano."

Sijui Bibi aliona nini katika uso wa yule mtu. Alimtazama kwa muda, kisha akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa akikakamaa kwa mara ya tatu na midomo imeanza kuwa ya buluu. Akauweka chini ule mwiko wa kuchochea moshi.

"Hata huyu anaogopa," alisema, kama mtu anayejisemea. Kisha kwa sauti ya kuamuru: "Leteni kaniki. Zote. Za kwenye kamba, za kwenye masanduku, vueni hata mlizovaa juu. Mwanangu, mbebe mtoto. Tunavuka."

"Na sindano?" mtu akauliza.

"Tutagombana nayo tukifika."

Ndipo likatoka uani jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Wanawake walizishika kaniki pembe kwa pembe, wakazitandaza juu ya vichwa vyao, na chini yake Mama akatembea amembeba Athumani, mimi nimeshika kanga yake. Wengine nyuma walipiga masinia. Giza la mle chini lilinuka moshi na jasho, na nilichokiona ni miguu tu.

Kosa letu ni kwamba kwetu, nguo inayotandazwa hivyo na watu wakaishika pembe ni nguo ya kaburini, ile wanayomfunikia maiti anaposhushwa. Pale mbele ya lango la hospitali palikuwa na muuza kahawa, na wanaume wamekaa. Walipoona kaniki inakuja barabarani, wakafanya anachofanya Mwislamu yeyote mwenye adabu apitiwapo na jeneza: wakaweka vikombe chini, wakainuka, wakaja mbio kutoa bega, wakisoma.

"Nani huyo, mama? Nani ametutoka?"

Mama alisimama pale pale. Alikuwa amemshika mwanawe aliye kimya, na wanaume wanamsomea.

"Rudisheni dua zenu mfukoni!" Bibi alifoka. "Nani kawaambia amekufa? Mnamzika mtoto na mama yake anatembea? Kama mna mikono shikeni nguo, kama hamna kanyweni kahawa!"

Wakashika nguo. Wengine walicheka kwa aibu, mmoja akasema, "Samahani, bibi, tulidhani..." "Msidhani, shikeni!"

Tulifika langoni, helikopta nayo ikafika. Ilishuka juu yetu moja kwa moja, uwanja ukiwa upande wa pili wa ukuta, na upepo wake ukaingia chini ya kaniki ukazijaza, ukazinyanyua, ukazinyakua mikononi mwa watu. Moja ilikwenda ikanasa kwenye mnazi. Wanaume walijifunika nyuso. Mimi nilitazama juu, na jua likazimika kidogo. Athumani alikuwa wazi kabisa, uchi wa kila kinga, chini ya kile kivuli.

Hakuna aliyepiga sinia. Kila mtu alingoja afe.

Bibi alitoka mbele, mtandio umekwenda, nywele nyeupe nje, kitu ambacho hata Baba hakuwahi kukiona. Akanyoosha kidole juu.

"Umemwona?" alipiga kelele. "Haya, mwone vizuri! Anaitwa Athumani! Athumani bin Salehe, wa kwangu mimi Mwanakombo, wa nyumba ile pale! Umelisikia jina? Basi njoo umchukue nikiwa nimesimama hapa!"

Nilimwona mama mmoja wa mtaani akijiziba mdomo kwa viganja viwili. Jina lilikuwa limetajwa, tena na la baba yake, tena na nyumba. Bibi alisimama vile vile, kidole juu, mpaka mashine ikashuka nyuma ya ukuta. Kisha akamwambia Mama, "Ingia. Mbona umesimama?"

Athumani alichomwa kwinini. Bibi alimshika mguu, akamwambia daktari kwa Kiswahili ambacho daktari hakukijua kwamba mtoto akifa watakwenda kaburini watatu: mtoto, daktari na yeye. Usiku ule homa ilishuka. Baada ya siku kadhaa tulirudi naye nyumbani, amekonda, anadai uji.

Mtaa ulisema ni kaniki, kwa sababu zilimlinda njia nzima isipokuwa hatua za mwisho. Bwana Yohana alirudi barazani kwake akahubiri kwamba ni sindano, na kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Bibi alimwachia amalize, kisha akamwuliza, "Na Danieli leo umemfunika na nini?" Hakutuhubiria tena kwa muda mrefu. Helikopta iliondoka baada ya miezi. Nadhani kazi yake ilikwisha. Wanawake wa mtaa walisema wameifukuza kwa masinia, na mimi sikuwahi kuwabishia, wala leo sitawabishia.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu, na huko nikakutana na watu wengi waliotaka niwasimulie Bibi yangu kama mtu aliyekuwa gizani, kisha siku moja akaona mwanga. Sijawaridhisha. Bibi hakuiacha imani yake. Alikufa nayo, na kaniki yake iko kabatini kwangu. Kwa Bwana Yohana, jinsi alivyosema, ile ilikuwa mashine, na aliiogopa. Kwa Bibi ile ilikuwa mauti yenyewe yamekuja kumfuata mjukuu wake, na aliyaambia jina la mtoto na nyumba anayokaa. Mimi, mwenye shahada zangu, sijawahi kufanya jambo la ujasiri nusu ya lile, kwa sababu sijawahi kuogopa kitu kiasi kile nikakivuka.

Athumani sasa ni mzee mwenye wajukuu, na bado anaishi Tanga. Mara chache helikopta hupita. Watoto wa mtaani humkimbilia, maana wanajua atakalofanya. Hutoka uani, huvua kofia, hukielekeza kile kipara chake juu, kisha huitangazia kwa sauti ya Bibi kabisa:

"Athumani bin Salehe! Nyumba ni ile ile!"